Sensa ya Joto Inasingiziwa

Sindano ya joto ikipanda, gereji nyingi za Elwak zina jibu kabla hata boneti haijafunguliwa: sensa imekufa. Huku ni jangwani, utaambiwa, spea za Japani haziliwezi jua letu. Toa thamostati, funga feni moja kwa moja kwenye betri, safari njema mpaka Mandera.

Feni siipingi sana. Imewafikisha wengi nyumbani. Hoja ya jua ndiyo isiyo na mashiko. Injini inatakiwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, na mchana wa nyuzi 38 bado uko mbali sana na hapo. Ukishaondoa thamostati, maji yanazunguka bila kizuizi, gari likikaza mwendo injini haifikii joto lake, na kompyuta, ikidhani injini imewashwa sasa hivi, inazidi kuimiminia petroli. Halafu mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta.

Tena magari mengi ya zamani yana sensa mbili: ya waya mmoja inayoendesha geji, na ya nyaya mbili inayohudumia kompyuta. Geji ikicheza, hiyo ya pili inang'olewa bure.

Na kuipima si kazi. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda: kwa Toyota nyingi ni omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji jikoni, shikisha mita kwenye pini zake, tazama. Namba zikishuka taratibu maji yakipata moto, ni nzima. Zikiruka au zikiganda, itupe. Mwenye kimashine cha kusoma kompyuta ana njia fupi zaidi: alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, sensa itaje joto linalokaribiana na la hewa. Ikitaja nyuzi 40 chini ya sifuri, angalia kwanza waya uliokatika au plagi iliyolegea. Baridi hiyo haipo hata kileleni mwa Mlima Kenya.

Kabla ya kuigusa sensa, mimi huanza na jerikeni ya maji. Elwak ni mji wa visima na ardhi yake ina jasi. Maji ya namna hiyo yakijazwa kwenye rejeta badala ya kulanti, huacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika la chai, kwenye mirija na hata kwenye ncha ya sensa. Rejeta ikiziba injini inachemka kweli, na sensa mpya itasema yaleyale ya ile ya zamani.

Kudanganya, sensa inaweza, lakini kwa namna nyingine kabisa. Maji yakivuja yakaisha, ncha hubaki kwenye mvuke mtupu, na sindano inaweza kushuka wakati hedi inapinda. Dereva akiona imeanguka ghafla katikati ya vichaka, asishukuru. Asimame, azime, asubiri injini ipoe, ndipo afungue kifuniko cha rejeta.