Nasaba na Malezi katika Mchezo wa Pokémon

Watetezi wa uzalishaji wa viumbe katika mchezo wa Pokémon wana hoja moja waipendayo kuliko nyingine zote. Husema kwamba mtu asiyekubali taabu ya kuangua mayai kwa mamia hastahili kuingia uwanjani, kwa kuwa pambano ni mavuno, na mavuno si haki ya asiyelima. Hoja hii ina sura nzuri, na ndiyo sababu imedumu. Lakini ikipimwa kwa hesabu za mchezo wenyewe, na kwa nia iliyouzaa, yaonekana dhahiri kuwa kilimo kinachosifiwa hapa ni cha kupanda shamba zima ili kuchuma suke moja, na kung'oa yote yaliyobaki.

Asili ya mchezo huu yajulikana. Satoshi Tajiri, aliyezaliwa 1965 na kukulia Machida, kando ya jiji la Tokyo, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Mashamba na madimbwi aliyoyazoea yalimezwa na majumba, naye alipokuwa mtu mzima akataka watoto wa mjini waionje furaha ile ya kutafuta, kupata na kupeana. Alipouona waya uliounganisha mashine mbili za Game Boy, aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mkono huu hadi ule. Michezo ya kwanza, Red na Green, ilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, ikiwa na viumbe 151, na baadhi yao waliwekwa katika mchezo mmoja tu kati ya hiyo miwili ili mtoto alazimike kumwendea mwenziwe. Mayai hayakuwamo. Mchezaji alimkamata kiumbe porini, akamlea, akampeleka vitani. Ni kweli kwamba hata wakati huo kila kiumbe alikuwa na nambari za siri za kuzaliwa, zilizomfanya azidi au apungukiwe kuliko wenziwe wa aina moja. Lakini hapakuwa na njia ya kuzirithisha. Njia ilifunguliwa 1999, ilipotoka michezo ya Gold na Silver. Viumbe wawili waliachwa kwa mlezi, yai likapatikana, na mtoto akarithi.

Tangu michezo ya Ruby na Sapphire ya 2002, nambari hizo za kuzaliwa huanzia 0 na kuishia 31 katika kila moja ya sifa 6: uhai, mashambulio ya aina mbili, ulinzi wa aina mbili, na mwendo. Kiumbe wa porini aliyepewa nambari zake zote kwa bahati tupu huweza kuwa na 31 kotekote mara 1 katika 1,073,741,824. Hapo ndipo wazalishaji walipoitafuta dawa, na mchezo ukawapa. Tangu 2013, katika X na Y, mzazi akibebeshwa kitu kiitwacho Destiny Knot, mtoto hurithi nambari 5 kutoka kwa wazazi wake badala ya 3. Hata hivyo, wazazi wote wawili wakiwa wakamilifu, ile nambari ya sita hubaki mikononi mwa bahati: mtoto 1 katika 32. Sanduku la kuhifadhia viumbe hubeba 30. Basi kwa wastani yampasa mtu kujaza sanduku zima na zaidi ili apate mmoja amtakaye.

Na wale wengine? Watetezi hawapendi kuulizwa swali hili. Wengine huachwa huru, neno zuri lenye maana ya kufutwa kwa kubonyeza kitufe. Wengine walitupwa katika mabadilishano yaliyoanzishwa 2013 kwa jina la Wonder Trade, ambamo mtu alitoa kiumbe mmoja na kupokea mwingine asiyemjua, kutoka kwa mtu asiyemjua. Mtoto aliyengoja zawadi ya ajabu kutoka nchi ya mbali alipokea mara nyingi kichanga aliyekataliwa, ambaye hajapigana hata pambano moja. Waya wa Tajiri, uliokusudiwa kupitisha kile mtu alichokipenda, ukafanywa mfereji wa kupitishia makapi.

(Iko na kanuni nyingine, ya tangu 2006, kwamba wazazi waliotoka katika michezo ya lugha mbili tofauti huongeza nafasi ya kupata mtoto mwenye rangi adimu. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo huu, kwa hiyo kwa mara moja lugha hii imesalimika na lawama.)

Yupo atakayesema kwamba hizi ni picha tu, na picha haiumii. Kweli haiumii. Kete za bao nazo haziumii, wala hapana mtu anayemtaka mchezaji wa bao azitupe kete thelathini kabla ya kuruhusiwa kucheza na moja. Ubaya wa desturi hii haumpati kiumbe, wampata mchezaji, ambaye hufunzwa kumtazama kila aliyezaliwa kwa jicho la mnunuzi, na kumhukumu kabla hajatenda neno.

Tena hukumu hiyo haina hata uzito unaodhaniwa. Katika kiwango cha 50, ambacho ndicho kiwango cha mashindano, nambari 31 ya kuzaliwa humwongezea kiumbe pointi 15 katika sifa moja. Mazoezi yakitiwa kikamilifu katika sifa hiyohiyo, yaani 252, humwongezea 31. Malezi yazidi nasaba mara mbili, kwa hesabu ya mchezo wenyewe! Na aliyezaliwa na 30 badala ya 31, ambaye hufukuzwa pamoja na wengine, akilelewa hivyo hukosa pointi moja tu.

Hoja yao iliyo bora kuliko zote ni nyingine, na haki yake isifichwe. Wako viumbe wanaotakiwa wawe na sifuri katika mwendo, kwa kuwa ipo mbinu iitwayo Trick Room inayompa mzito nafasi ya kutangulia. Mzalishaji wa sifuri, basi, si mtumwa wa ukamilifu. Ni fundi anayejua kazi atakayoitenda kiumbe wake. Vema. Lakini hoja hii yabomoa nyumba ya wenyewe. Ikiwa sifuri yaweza kuwa johari leo na taka kesho kwa kadiri ya mbinu, basi thamani imo katika mbinu, nayo hutungwa na akili ya mchezaji, haitoki katika yai.

Uwanja wenyewe umelishuhudia jambo hili. Katika mashindano ya dunia ya 2014, yaliyofanyika Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa akiwa na Pachirisu, kindi mdogo aliyedharauliwa na wengi. Kazi ya kindi huyo ilikuwa kuyavuta mapigo ya adui yampate yeye, ili mwenziwe mwenye nguvu asalimike. Bila shaka alizalishwa na kulelewa kwa uangalifu. Lakini kinachosimuliwa hadi leo ni ujasiri wa wazo lile, wala si idadi ya mayai yaliyomtangulia. Kinyume chake kilionekana Yokohama 2023, ambapo wachezaji kadhaa waliondolewa mashindanoni kwa sababu ya viumbe waliotengenezwa au kubadilishwa kwa programu za nje. Walivunja sheria, na adhabu ilikuwa halali. Lakini ushuru mzito wa mlangoni huzaa magendo, na hao wanaousifu ushuru huo kuwa ni adabu ya mchezo hawawezi kujifanya kuyashangaa.

Watungaji wa mchezo nao wameungama nusu. Katika Sun na Moon, 2016, waliweka mafunzo maalumu ambayo kiumbe aliyefika kiwango cha 100 huweza kuyapata, akahesabiwa vitani kana kwamba amezaliwa na 31. Katika Scarlet na Violet, 2022, kiwango hicho kilishushwa hadi 50. Nusu ya pili wameizuia. Nambari ya asili haifutwi. Mkongwe aliyefunzwa hivyo, mwenye ushindi usiohesabika, akipata mtoto, katika yai hutiwa ule upungufu wake wa zamani, na mzalishaji akiutazama humweka mtoto huyo kando pamoja na wa kuachwa huru.