Nairobi Isiyoonyeshwa Wageni
Mgeni wa Nairobi huonyeshwa simba na twiga, kisha hurudishwa hotelini bila kufikishwa Eastlands. Huko ni kumnyima mji wenyewe. Na apande matatu ya Buruburu, nambari 58, iliyorembwa kwa michoro iliyopigwa marufuku mwaka 2004 na kuruhusiwa tena 2014. (Jiji lilipauka ajabu miaka hiyo!) Ashuke City Stadium, ale nyama choma ya Burma kwa ugali na kachumbari, kisha atembee hadi Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 ambao ukumbi wake ulisikia siasa za kudai uhuru. Mipango ya kuibomoa mitaa hiyo mikongwe imetajwa kwa miaka mingi. Wasimamizi wa utalii wanasubiri nini? Tingatinga halisubiri.