Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Huku Mbagala, Tandika na Tandale tunaishi na ndugu waliotoka Burundi, Kongo na nchi nyingine jirani. Tunapanga nao nyumba moja, na Jumapili tunaketi nao benchi moja. Lakini wanapougua, wengi wao hawathubutu kwenda zahanati ya Serikali. Huenda duka la dawa, wakaeleza kikohozi chao dirishani, wakarudi na vidonge vichache.

Sababu si fedha tu, ingawa tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993 fedha imemtaabisha hata mwenyeji. Kinachowatisha zaidi ni swali la mapokezi: umetoka wapi, na kitambulisho kiko wapi? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, kama vile Nyarugusu mkoani Kigoma, asitoke bila kibali. Aliyeingia mjini bila kibali humwona kila karani kuwa ni askari. Wapo pia wenye hati kamili ambao hurudi nyuma kwa kuogopa tu kuchekwa Kiswahili chao cha Bukavu. Hilo ni aibu yetu, si ya sheria.

Hatusemi Serikali isilinde mipaka yake. Tunasema chumba cha mganga si mpaka. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1984, unaitaja haki ya afya katika ibara ya 16, na humo unasema kila mtu. Hausemi kila raia.

Tuchukue kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na tiba ya kawaida huchukua miezi 6. Ikikatizwa, ugonjwa waweza kuwa sugu. Anayekohoa bila tiba katika nyumba ya kupanga huwaambukiza walio chumba cha pili, wawe na kitambulisho au wasiwe nacho. Methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone tumeizoea kama maneno ya ukarimu. Hapa ni habari ya mapafu yetu wenyewe.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mkimjua mgonjwa wa namna hii, msimpe barua na kumwacha aende peke yake. Fuataneni naye, mkae naye kwenye foleni, mumsemee pale lugha inapomshinda, wala habari zake msizitangaze mtaani. Nanyi waganga na wauguzi, waamini wenzetu, tunawasihi swali lenu la kwanza liwe: unaumwa nini?