PAKA AKIKOJOLEA MSWALA, DAWA NI MAJI, SI KIROBA



Kuna tabia lazima tuiseme. Mtu anaomba paka kwa jirani amalizie panya kwenye mahindi. Paka akikojolea mswala mara mbili, anatiwa kwenye kiroba, anakwenda kutupwa porini. Ukimuuliza: "Shekhe, najisi!"

Ndiyo, mkojo wa paka ni najisi. Basi osha kwa maji mpaka rangi na harufu viondoke, uanike juani. Harufu ikibaki, atarudi palepale.

Lakini paka mwenyewe si najisi. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akaeleza kuwa hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Na Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa, hamlishi wala hamwachii ajitafutie. Wewe unayemtupa mahali asipopajua, una hoja gani?

Tafuta sababu. Beseni lake la mchanga ni chafu? Liko karibu na chakula chake? Ni mgeni, anaogopa watoto? Ni dume ambaye hajahasiwa? Akijikamua mkojo usitoke, au ukitoka na damu, huyo ni mgonjwa. Dume aliyeziba mkojo hufa ndani ya siku chache. Mpeleke kwa bwana mifugo leo, usingoje kesho.

Ulimwomba mwenyewe. Ni amana, na utaulizwa.

Wallahu a'lam.