Daftari la wananchi lisihamie ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi hatulitilii maanani. Jambo lenyewe ni taarifa zetu zinazokusanywa na mashirika yanayofanya kazi katika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Kila siku mwananchi anaombwa jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, alama za vidole na hata hali ya afya yake. Anayemwomba amekaa naye hapa hapa kijijini, lakini taarifa zenyewe hazilali kijijini. Jioni hiyo hiyo husafirishwa kwa intaneti, zikahifadhiwa katika kompyuta zilizo nchi nyingine, mara nyingi mali ya kampuni ambayo shirika hilo limepanga nafasi kwake. Je, zikiibwa au zikitumiwa kumdhuru mwenyewe, ni sheria ya nchi gani itakayofuatwa?

Wakubwa wa dunia hawalichukulii swali hili kwa mzaha. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayoziwezesha mamlaka zake kuzidai kampuni za nchi hiyo taarifa zilizo mikononi mwao, hata kama kompyuta zenyewe ziko nje ya Marekani. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria kali inayozuia taarifa za watu wake kupelekwa mahali pasipo na ulinzi wa kutosha. Julai 2020 mahakama ya Umoja huo ilifuta mpango uliokuwa ukitumika kupeleka taarifa Marekani. Hao ni marafiki wa miaka mingi, na bado kila mmoja analinda daftari lake. Kwa nini sisi tuliache la kwetu wazi?

Wapo wanaodhani kwamba shirika likiwa na nia njema basi hakuna la kuogopa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao walikuwa wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Wengi walikuwa watu waliopotezana na ndugu zao kwa vita au maafa, pamoja na wafungwa. Hakuna anayetilia shaka nia ya Msalaba Mwekundu, na taarifa hizo zilikuwa Uswisi, nchi yenye sifa ya kutunza siri. Nia njema haikutosha, wala sifa ya nchi.

Lakini tusije tukakimbilia kusema kwamba dawa ni kila taarifa ikabidhiwe Serikali basi. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya, zilizokusanywa Bangladesh kwa pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zilipelekwa na Serikali ya Bangladesh kwa Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia. Majina yaliyotajwa yalikuwa yasiyopungua 830,000. Shirika hilo la wakimbizi lilijibu kwamba watu walielezwa na kuulizwa ridhaa yao, lakini baadhi ya wakimbizi waliohojiwa walisema hawakuambiwa. Jambo hili linatuhusu sana sisi tuliowapokea ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Mtu aliyeandikishwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, ana haki ya kujua jina lake litafika wapi. Kwa hiyo mwenye taarifa wa kwanza ni mtu mwenyewe. Taifa ni mlinzi wake, na shirika ni mtunzaji tu.

Jirani zetu wa Kenya wameonyesha kwamba mlinzi akiwa macho kazi hufanyika. Mwaka 2023 kampuni ya Worldcoin ilipiga picha mboni za macho ya watu kwa kuwaahidi malipo ya sarafu za mtandaoni. Serikali iliisimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inataka wanaokusanya taarifa wasajiliwe, na imeweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Tatizo ni kwamba habari hizi hazijafika kwa mhudumu wa zahanati wala kwa mtendaji wa kijiji, ambao ndio wanaokutana na wageni hao.

Mimi nilikuwa karani wa zahanati. Ulikuja mradi mmoja kutoka ng'ambo, tukaambiwa tuache rejista za karatasi tujaze vishikwambi. Tulitii. Baada ya miaka mitatu mradi ulifungwa, vishikwambi vikachukuliwa. Tulipotaka orodha ya watoto waliokuwa hawajamaliza chanjo, tuliambiwa tuandike barua makao makuu yao huko nje. Jibu halikuja. Ilibidi tupite nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto tuliokwisha kuwaandika kwa mikono yetu wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sasa tuna mali, na daftari liko kwa mgeni.

Ushauri wangu kwa wahusika ni huu. Kwanza, kila mkataba wa mradi useme wazi taarifa zitawekwa nchi gani, nani atakuwa na ufunguo wake, na zitafutwa lini. Pili, mradi usifungwe kabla ya kuacha nakala kamili kwa zahanati, shule au halmashauri iliyohusika, katika hali inayoweza kusomeka. Tatu, mwananchi aelezwe kwa Kiswahili anachokubali kabla ya kuweka dole gumba, na akikataa asinyimwe dawa wala chakula. Nne, taarifa zisizohitajika zisiulizwe kabisa, maana kisichoandikwa hakiwezi kuibwa. Tano, Tume iwafundishe watendaji wa vijiji na kata, kwa sababu mpaka wa taarifa hauko Namanga wala Tunduma; uko kwenye meza ya karani.

Sipingi mashirika ya nje. Yamejenga visima, yameleta dawa, na mengine yamefundisha vijana wetu kazi. Lakini mgeni mwema hupokea masharti ya nyumba. Nasi tulio wenyeji tuanze kwa kuuliza, kila tunapopewa fomu: hii itakwenda wapi?

Karani mstaafu,
Kondoa, Dodoma.