Ubundu: Tukubaliane juu ya mto kabla samaki hawajatuishia

Juma lililopita asubuhi nilikuwa bandarini, pale ambapo balenyeri za kutoka Kindu hufunga. Mabishano yalizuka. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameshika chandarua cha mama mmoja mkimbizi wa ndani, ile tunayoiita mustikeri. Ndani yake kulikuwa na visamaki ambavyo vingi havikufika urefu wa kidole.

Mzee alisema: "Mama, munamaliza watoto wa samaki. Kesho tutakula nini?"

Yule mama akajibu: "Papa, na leo hii watoto wangu watakula nini?"

Watu wakagawanyika. Wengine walitaka chandarua kichomwe palepale. Wengine walisema mwacheni, ana yatima. Tunamshukuru Mungu, siku hiyo hakuna aliyepigwa. Lakini nilirudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu mzee alisema ukweli na mama alisema ukweli. Ugomvi wa namna hiyo, ambapo pande zote mbili zina haki, ndio unaokua haraka usipopata mtu wa kuuamua. Sisi wa Tshopo tunajua. Mzozo wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola, ulioanza upande wa Lubunga Februari 2023, umeua watu, umechoma nyumba na umewatoa maelfu ya watu katika vijiji vyao. Hatuna nguvu ya kubeba mzozo mwingine, safari hii wa maji.

Maoni yangu ni haya: mto unahitaji sheria, na sheria hiyo tuiandike hapa Ubundu, wenyeji na wakimbizi wa ndani tukiwa tumeketi pamoja, kabla hatujaletewa amri kutoka mbali au kabla hatujapigana.

Kuna watakaosema mambo ya sheria za uvuvi ni ya watu wa bahari. Lakini bahari iko kwenye sahani zetu. Nendeni soko lolote la Kisangani mwone kinacholiwa na lituma: ni mpiodi, samaki wa baridi anayeshushwa katika kartoni. Sehemu kubwa ya mpiodi inayoliwa Kongo inavuliwa katika bahari ya Namibia. Makayabu nayo inatoka bahari za mbali zaidi, Ulaya kaskazini. Mji uliojengwa kando ya mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji unanunua samaki wa nchi za wengine, na mara nyingi unampata kwa urahisi kuliko mboto au kapiteni wa kwetu.

Namibia wanatuuzia kwa sababu walijifunza kuhesabu, na walijifunza kwa uchungu. Kabla ya uhuru wao, meli za kigeni zilivua zilivyotaka. Mwaka 1968 pekee zilivuliwa zaidi ya tani milioni moja za sardini katika maji yale. Baadaye sardini wakapungua hata, mwaka 2018, serikali ililazimika kusimamisha kabisa uvuvi wao. Kwa hiyo anayesema "mto huu ni mkubwa, samaki hawawezi kuisha" ajiulize: Lualaba ni kubwa kuliko bahari? Namibia walipopata uhuru mwaka 1990 walitangaza kwamba bahari yao hadi maili 200 ni mali ya taifa, wakaanza kupanga kila mwaka ni tani ngapi za kila samaki zitavuliwa. Ndiyo maana mpiodi bado yupo. Lakini hata huko, mwaka 2019, mawaziri wawili walijiuzulu kwa tuhuma za rushwa katika kugawa haki za kuvua mpiodi huyohuyo. Kuhesabu samaki kunasaidia pale tu ambapo anayehesabu hanunuliwi.

Na sisi je? Katiba yetu, kifungu cha 9, inasema Taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, maji na misitu, na juu ya eneo la mito, la maziwa na la bahari. Maji yanayopita mbele yetu hapa yanashuka maporomoko saba ya Boyoma hadi Kisangani, yanapita Kinshasa na Matadi, yanafika Muanda, kwenye pwani yetu fupi isiyozidi kilomita 40 hivi. Huko Muanda tangu mwaka 1992 kuna hifadhi ya mikoko, mahali ambapo samaki wanazaliana. Kwa samaki wa mtoni, kazi ya mikoko inafanywa na msitu uliofunikwa na maji. Maji yanapopanda na kuingia msituni, samaki wengi wanaingia humo kutaga mayai, na watoto wao wanakulia kati ya mizizi na majani. Kila mvuvi wa hapa anajua jambo hilo tangu utoto. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza, na sheria ya uvuvi tuliyoishi nayo kwa miaka mingi ni dekreti ya 21 Aprili 1937, ya wakati wa Wabelgiji, wakati Ubundu bado inaitwa Ponthierville. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuiona?

Tusidanganyane kwamba kukosa karatasi ni kukosa sheria. Waangalieni Wagenia pale Kisangani. Kwenye maporomoko ya mwisho wanasimika miti mikubwa kati ya mawe na kutega vikapu vyao katika maji yanayokimbia. Kila mahali pa kutega pana familia yake, haki inarithiwa, na mtu hapeleki kikapu chake mahali pa mwenzake bila ruhusa. Ni sheria ya uvuvi isiyo na ofisi, na imeshinda serikali nyingi zilizopita. Imedumu kwa sababu wanaoifuata ndio wanaoilinda.

Sasa tuangalie mfano wa pili, wa amri. Mwaka 2024 nchi zinazozunguka ziwa Tanganyika, na Kongo ikiwemo, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili ndagala na wenzake wazaliane. Wazo ni zuri, na mimi naliunga mkono. Lakini huko Uvira na Kalemie wavuvi walilalamika: mumetutoa ziwani miezi mitatu, mumetupa nini mkononi? Mtu mwenye njaa anaingia majini usiku. Akikutana na mlinzi, anampa kitu kidogo apite. Hapo sheria inakuwa chakula cha mlinzi, na samaki anaendelea kuvuliwa. Kufunga maji bila kufungua mlango mwingine ni adhabu kwa maskini.

Basi kwa Ubundu napendekeza mambo manne.

La kwanza, tusifunge mto mzima. Tufunge mahali pa kuzalia: midomo ya vijito na msitu unaofunikwa na maji, kwa wakati ule tu ambapo maji yanapanda. Wazee wavuvi wapaonyeshe mahali hapo wenyewe, machifu wa vijiji wapatangaze, na redio yetu ipataje majina kila jioni. Katika mto mkubwa watu waendelee kuvua kwa ndoano na kwa nyavu zenye matundu makubwa.

La pili, mustikeri na sumu vitoke majini, lakini kwa kubadilishana. Sumu iachwe leo hii, hiyo haina mjadala: inaua kila kitu, na maji hayohayo tunayanywa. Kuhusu mustikeri, mtu asinyang'anywe kabla hajapewa wavu au ndoano. Mashirika yanayogawa shitingi, sufuria na sabuni kwa wakimbizi wa ndani yaweke pia nyuzi, ndoano na wavu halali katika mzigo huo. Haigharimu sana. Tena mustikeri ilitolewa kwa ajili ya malaria. Ikiwa mtoni mchana kutwa, usiku mtoto analala bila kinga, na faranga tulizopata kwa visamaki zinaishia kwenye dawa.

La tatu, komite ya wavuvi iwe na viti vya wakimbizi wa ndani, na viti vya akina mama. Mama ndiye anayekausha samaki kwa moshi, anayeuza, anayejua mwaka huu wanafika wadogo kuliko mwaka jana. Mkimbizi akiwa ndani ya komite, sheria ni yake na ataitetea mbele ya wenzake. Akiwa nje, kila amri ataiona kama njia ya kumfukuza. Na sheria iwe moja. Kuna wenyeji wanaotumia mustikeri wakijificha nyuma ya jina la wakimbizi, na sisi sote tunawajua.

La nne, malipo bandarini yawe mamoja, yaandikwe kwenye ubao, na kila anayelipa apewe karatasi. Leo mvuvi anatoa samaki kwa huyu, faranga kwa yule, na mwingine bado anamsubiri njiani kuelekea Kisangani. Ninyi munaolipisha, fikirini: mvuvi anayenyang'anywa samaki watatu kabla ya kufika sokoni atarudi majini kutafuta wengine watatu. Malipo yasiyo na mpango nayo yanamaliza mto, sawasawa na mustikeri.

Wakubwa wa jimbo nao wana deni. Reli ya kilomita 125 kutoka hapa hadi Kisangani ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuzunguka maporomoko. Leo treni ni ya kungojewa kama mvua ya kiangazi, na samaki wanasafiri kwa baiskeli na pikipiki katika matope. Barafu hakuna. Samaki anayeoza njiani amevuliwa bure, na pengo lake linajazwa kwa kuvua mwingine. Anayetaka kulinda samaki atengeneze pia njia.

Najua maneno nitakayojibiwa. Wenyeji watasema: wakimbizi warudi kwao kwanza, ndipo tuzungumze. Ndugu zangu, hakuna anayependa kulala chini ya shitingi. Watarudi siku usalama utakaporudi, na wengi wanaomba iwe kesho. Lakini samaki hawangojei usalama, wanataga maji yakipanda. Nanyi kumbukeni: hapa Ubundu tuliwahi kuona msafara mkubwa wa wakimbizi wa Rwanda mwaka 1997, kando ya reli hii hii, na wazee wetu wanasimulia mpaka leo waliyoyaona kule Biaro na Kasese. Tunajua mtu aliyefukuzwa kila mahali anaishia wapi.

Na ninyi wakimbizi wa ndani, nisiwafiche. Mto huu unawalisha bila kuwauliza kabila wala kijiji. Mukivua watoto wa samaki wote, mutaondoka siku moja mukiwaachia waliowapokea maji matupu. Mgeni mwema anaacha mwenyeji akiwa bado na kitu jikoni.

Yule mzee na yule mama wa bandarini wote wako bado hapa. Nimeongea na kila mmoja, na kila mmoja ameniambia yuko tayari kuketi na mwenzake ikiwa kuna mtu wa kuwaita. Kazi ya kuita si ya mwandishi. Ni ya msimamizi wa teritware, ya machifu na ya sosiete sivili. Maji bado hayajapanda. Waiteni sasa, bandarini, chini ya mti, na kila mtu aje na wavu wake tuupime matundu mbele ya wote. Sisi tutakuja na kinasa sauti, na mutakayokubaliana tutayatangaza neno kwa neno.