FEZA YA PATRONI SI FEZA YA EKIPE



Katika internat yetu kuna bishano moja lisiloisha. Linaanza siku ya posho kiisha mpira, linaendelea wakati wa bukari, na taa zinazimishwa watu wangali wanabishana kitandani. Upande huu watu wa Mazembe, wale wanaojiita 100 %. Upande ule watu wa Lupopo, wana wa Cheminots. Wamoja wanalia kwa sababu mchezaji fulani ameuzishwa. Wengine wanataka fowadi mpya anunuliwe Zambia ao Ivory Coast, na bei wanaitaja wao wenyewe, kama kwamba wako na sanduku la feza chini ya kitanda. Na kila mara neno la mwisho ni lile lile: "Moïse iko na feza. Akitaka, atanunua." Kiisha neno hilo wote wananyamaza, sawa vile mtu amesema Amina.

Kwa maoni yangu, bishano lingeanza pale wanaponyamaza. Iko na feza, ndiyo. Lakini ile feza ni ya nani? Ni ya mtu ao ni ya ekipe? Ameipana, ameikopesha, ao amenunua kitu nayo? Sisi wa Commerciale tunafundishwa kila juma kwamba hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina fasi yake katika kitabu cha hesabu. Lakini tukitoka darasani na kufika ku kiwanja tunasahau yote.

Tuangalie kwanza tulitoka wapi. Wengi hawajui kwamba Mazembe ilianza kama ekipe ya watoto wa masomo. Mwaka 1939, mapadri Wabenediktini waliokuwa wakiongoza masomo ya Saint-Boniface, hapa Élisabethville ya zamani, walitengeneza ekipe ya vijana na kuiita Saint-Georges. (Sisi Waprotestanti tukubali tu: katika mpira walitutangulia.) Nyuma ya miaka ekipe ikaitwa Englebert, na huyo hakuwa mtakatifu. Lilikuwa jina la mipira ya motokari. Kampuni ilisaidia, jina lake likabandikwa ku ekipe. Basi tangu zamani mwenye kulipa ndiye aliyeita jina. Kwa jina hilo la Englebert walichukua kombe kubwa ya Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Kiisha kombe hiyo ikakawia sana kurudi: hata mwaka 2009.

Aliyeirudisha tunamjua. Moïse Katumbi ni prezidenti wa ekipe tangu 1997, na matunda yanaonekana: 2009, 2010, 2015. Mwezi wa 12 mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliwafunga Internacional ya Brazil bao 2 kwa 0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finale ya kombe ya dunia ya ma-club. Inter ya Milan ilitufunga 3 kwa 0, lakini hata mwalimu wetu mmoja wa Lupopo alipiga kelele siku ile. Mwaka 2011 stade mpya ilifunguliwa Kamalondo. Mtu akiyakataa mambo hayo, ni wivu tu.

Lakini mtu ni mtu. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 mpaka 2015, kiisha akaingia upinzani. Mwezi wa 5 mwaka 2016 alitoka inchi, akarudi mwezi wa 5 mwaka 2019. Miaka mitatu. Wapenzi wa Mazembe watanijibu mara moja: "Na kombe ya Confédération 2016 na 2017 tulichukua vilevile!" Ni kweli, na ni sifa kubwa kwa wale waliobaki kufanya kazi. Mimi ninauliza tu: mishahara ile ingekatika, ni wapi imeandikwa kitu ambacho ekipe ingeweza kushika kama mali yake yenyewe? Na si Mazembe peke yake. Lupopo ilikamatwa na Jacques Kyabula wakati yeye ni gavana wa Haut-Katanga. Kinshasa, Vita Club iliongozwa miaka mingi na jenerali Gabriel Amisi. Gavana, gavana tena, jenerali. Mpira wetu umekuwa kama nyumba zile za serikali: anayepewa kazi anaingia, anayeondolewa anatoka na matandiko yake.

Wale wanaopenda mpira wa Ulaya wanafikiri kule hakuna shida kama hii. Wasome habari ya Chelsea. Mwaka 2003 Roman Abramovich, tajiri wa Urusi, aliinunua, akamwaga feza. Wasuporta wakaimba. Mwezi wa 3 mwaka 2022, kiisha Urusi kushambulia Ukraine, serikali ya Uingereza ilifunga mali yake yote, na Chelsea ilikuwa ndani ya mali ile. Kwa siku moja ekipe bingwa ya Ulaya ikakatazwa kuuzisha tikiti mpya, kununua mchezaji, hata kuuzisha shati ku duka lake. Tena ikaonekana kwamba feza ile ya kuimbiwa haikuwa zawadi: iliandikwa kama mkopo, zaidi ya miliare moja na nusu ya pauni. Kilichosaidia ni nini? Karatasi. Kila mtu aliweza kusoma nani anadai nini. Mkopo ule ukaachiliwa, na mwezi wa 5 mwaka ule ule ekipe ikauzishwa kwa pauni miliare 2 na nusu kwa kundi la Todd Boehly na Clearlake, na watoto wakaendelea kucheza. Ninauliza wenzangu wa 100 % na wa Cheminots: jambo kama lile likitupata hapa, tutafungua kitabu gani?

Mwingine atasema: "Basi ekipe iwe ya wanamemba, kama Barça." Wazo zuri, ninalipenda. Lakini mwezi wa 8 mwaka 2021 Barcelona ilimwacha Messi aende, huku analia mbele ya kamera, kwa sababu madeni na mishahara vilipita kipimo cha kanuni za ligi yao. Wanamemba maelfu na maelfu, na hesabu ilikuwa imeharibika vilevile. Mwanamemba anayelipa mchango pasipo kuomba kusoma kaye ya hesabu ni msuporta tu aliyelipa.

Sasa tufike ku bishano la kuuzisha wachezaji. Wengi wetu tunasikia vibaya mchezaji mzuri akienda. Wazee wetu wengine wanasema: "Zamani hawakuwa wanaenda, ndiyo maana tulikuwa na nguvu." Ni kweli kwamba wakati wa Mobutu mlango ulifungwa. Ndaye Mulamba alifunga bao 9 katika kombe ya Afrika ya 1974, na hakuna aliyefunga nyingi kuliko hizo katika kombe moja mpaka leo. Hakuruhusiwa kwenda kufanya kazi Ulaya. Mwaka ule ule, kule Ujerumani, wachezaji waligombana na wakubwa juu ya feza yao ambayo hawakuiona, na Yugoslavia ikatufunga 9 kwa 0. Ndaye alikufa mwaka 2019 Afrika ya Kusini, mbali na kwao, pasipo mali. Mlango uliofungwa haukumpa kitu.

Mimi ninasema wauzishwe, lakini kwa karatasi. Juu ya nini? Kwa sababu feza ya mchezaji aliyeuzishwa ndiyo feza ambayo ekipe inaweza kuita yake kweli, pasipo kupiga magoti mbele ya patroni. Tuchukue mfano wa Mbwana Samatta, Mtanzania. Alicheza African Lyon, kiisha Simba, akaja Mazembe mwaka 2011. Mwezi wa 1 mwaka 2016 alienda Genk, Ubelgiji, na mwezi wa 1 mwaka 2020 Genk ikamwuzisha Aston Villa. Wengi wanafikiri kwamba Mazembe ilimaliza habari yake mwaka 2016. Hapana. Kuna kanuni ya FIFA: mchezaji akiuzishwa toka inchi moja kwenda ingine kontra yake ingali hai, 5 kwa 100 ya bei inakatwa na kugawanywa kwa ekipe zote zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 mpaka wa 23.

Tufanye hesabu, na kila mtu akamate kalamu. Tuseme kijana ameuzishwa dolari 10,000,000. 5 kwa 100 ni 500,000. Ekipe iliyokuwa naye akiwa na miaka 12, 13, 14 ao 15 inapata 25,000 kwa kila mwaka. Iliyokuwa naye tangu 16 mpaka 23 inapata 50,000 kwa kila mwaka. Dolari 25,000 kwa ekipe ya quartier inayovaa mashati ya kuazimana! Tena akiuzishwa mara ya pili, wanagawanya tena. Lakini kontra ikiisha na mchezaji akienda bure, hakuna bei, na 5 kwa 100 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo sababu wale wanaosema "amalize kontra yake kwanza kiisha aende" wanaikosesha ekipe bila kujua.

Tangu mwezi wa 11 mwaka 2022 FIFA imeweka nyumba ya malipo kule Paris kwa kugawanya feza ile. Inafuata kile kilichoandikwa ku federasio za inchi: kijana alikuwa na licence wapi, toka tarehe gani mpaka tarehe gani. Kama hakukuandikwa kitu, hakuna wa kulipwa. Mchezaji anaweza kuwa alikula nyumbani kwa kocha miaka minne. Kocha hana karatasi, kocha hana feza.

Na hapa ninataka kusema kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu jambo linatugusa sisi wenyewe. Kuna watu wanaosimama pembeni ya kiwanja chetu siku ya mchezo, wakivaa viatu vizuri, wakiita vijana wa 3e na wa 4e, wakiomba picha na carte d'élève. "Petit, utaenda Ulaya, lakini miaka yako tutapunguza kidogo, na jina tutaangalia." Wandugu, mjue mambo mawili. La kwanza: FIFA inakataza kupeleka mchezaji inchi ya kigeni kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa sababu chache ambazo hazituhusu, kama wazazi kuhama kwa kazi yao wenyewe. Basi anayekuahidi Ubelgiji ukiwa na miaka 16 anakudanganya leo, si kesho. La pili: tuliona habari ya Silas, mtoto wa Kinshasa, aliyekuwa akicheza Stuttgart. Ulaya ilimjua kama Silas Wamangituka. Mwezi wa 6 mwaka 2021 akasema wazi mbele ya watu kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ule ulioandikwa. Aliyekuwa akimsimamia zamani ndiye aliyebadilisha, akamfanya aishi kwake, akamshikia karatasi zake. Silas alipewa adhabu ya miezi mitatu bila kucheza na kulipa euro 30,000. Na fikirini kidogo: jina likibadilika, ekipe iliyomlea Kinshasa itamfuata kwa jina gani? Kwa karatasi moja ya uongo wanaibiwa wawili, kijana na ekipe yake.

Juu ya hayo ninaleta ombi kwa Bwana Prefe, kwa mwalimu wa michezo na kwa kapteni wetu. Ekipe ya masomo haina licence ku FECOFA, basi hatutalipwa kitu hata mmoja wetu akifika Real Madrid, hilo tusijidanganye. Lakini tunaweza kufungua kaye moja, yenye kurasa zilizopigwa namba. Ndani yake jina la kila mchezaji kama lilivyo ku karatasi ya kuzaliwa, tarehe, darasa, tarehe aliyoingia ekipe, na kama ana licence katika ekipe ya quartier, jina la ekipe ile. Mwalimu atie sahihi kila mwisho wa mwaka, na karatasi ingine apewe mzazi. Ku kurasa za nyuma tuandike michango ya mashati na mpira, nani alileta ngapi na ilinunua nini. Mwaka uliopita tulichanga mara mbili kwa mpira mmoja, na mpaka sasa wengine wanadai hawakuuona.

Wanafunzi wawili wa Commerciale wamekubali kuishika kaye hiyo pasipo malipo. Wachezaji walete karatasi zao kwa mwalimu wa michezo kabla ya mitihani, na wale wasiokuwa na karatasi ya kuzaliwa waombe wazazi wakati wa konji. Bishano la Mazembe na Lupopo litaendelea siku ya posho kama kawaida. Mimi nitakuwa upande wa Lupopo.